Gunia la Tatu la Isacko

Kimpira cha kuvutia mafua ya Ugbad kilipotea siku tatu, na nilipokipata kilikuwa na dhahabu ndani.

Nilikikuta nyuma ya nyumba, juu ya kifuniko cha pipa la maji. Nilikuwa nimekitafuta chini ya kitanda, kwenye kapu la nguo, hata ndani ya foronya, huku mtoto anakoroma kama mzee. Nikakiminya juu ya kile kifuniko ili nikioshe. Yakatoka maji machafu, ukafuata mchanga mweusi, na juu ya ule weusi vikang'aa vitu vya manjano, vidogo kuliko chembe za chumvi. Nikabaki nimesimama, kimpira mkononi, kama mtu aliyeshika mdudu asiyemjua.

"Bare! Umeifanyia nini pua ya mwanangu?"

Mume wangu alitoka mbio bafuni, povu la sabuni bado masikioni. "Usimwage! Filsan, wallahi usimwage. Usipumue hata."

"Nisipumue?"

"Zitapeperuka."

Akakichukua kile kifuniko kwa mikono miwili, kama anabeba kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Akaniambia ni dhahabu. Akaniambia kimpira kile ndicho kifaa bora kuliko vyote, kinafyonza chembe moja moja kutoka kwenye mchanga mweusi bila kuipoteza. Akaniambia ameanza kuipata tangu Jumatatu.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Jumatatu ukapata dhahabu, ukaja ukala baasto yangu, ukanyamaza?"

"Nilitaka kuhakikisha kwanza."

Mume aliyepata dhahabu Jumatatu, na mkewe akajua Jumatano kwa sababu ya mafua! Neno hilo liliniingia moyoni, likavuta kigoda likakaa.

Bare ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti na gata za kukingia mvua, na mvua ya Garissa tunaijua, kwa hiyo muda anao. Mwaka jana alianza kutazama kwenye simu video za wazee wa nchi za baridi wanaoosha mchanga mitoni wikendi kujifurahisha, kama wengine wanavyocheza mpira. Akaona chombo wanachotumia. Akasema, hiki si kitu cha ajabu, hii ni gata. Kuanzia hapo uwanja wetu wa nyuma, hapa Galbet, haukuwa tena wa kuanikia nguo.

Alichukua gata ya bati yenye urefu wa mtu, akaiinamisha kidogo juu ya miguu ya kitanda kibovu. Ndani, mwanzoni, alitandika gunia. Juu ya gunia akaweka wavu uliotoka kwenye banda la kuku, na juu ya wavu akapanga vipande vya chuma kwa upana, kama vidato vya ngazi, ili maji yakipita yajikwae na kuangusha kilicho kizito. Kichwani aliweka ndoo aliyoitoboa kwa msumari wa moto, mkiani beseni. Pampu aliitoa kwenye kipoza hewa kibovu, akaiunga na betri ya pikipiki. Maji yaliteremka, yakaingia kwenye pipa, yakapandishwa tena, maana maji tunayoletewa na mkokoteni wa punda hayamwagwi ovyo. Mchanga mweusi uliobaki aliupitishia sumaku ya spika iliyofungwa kwa mfuko wa nailoni. Hata sabuni yangu ya vyombo ilikuwa na kazi: tone moja majini, ili chembe nyembamba zisielee zikaenda na maji.

Sisemi alikuwa mvivu. Kile chombo kilikuwa kizuri. Mimi mwenyewe nilikaa pale siku nyingine, Ugbad mgongoni, nikatazama maji yakicheza juu ya vile vidato, nikasema mashallah, mume wangu ana mikono.

Mchanga ulikuwa wa Isacko. Isacko ni dereva wa lori la mifugo, Mborana wa upande wa Wajir, rafiki wa Bare tangu alipomchomelea chesi ya lori ikawa bora kuliko mpya. Kisomali anakielewa, lakini akitaka kusema jambo lenye uzito hurudi kwenye Kiswahili, na sisi tunamfuata huko. Alisema kuna laga moja mbali kaskazini, mkondo wa mto ulio mkavu mwaka mzima, ambapo babu yake aliokota kitu cha manjano. Akaleta gunia la kwanza. Wakaosha: hakuna. Akaleta la pili: hakuna. Nikashukuru Mungu, nikadhani yameisha.

Halafu akaleta la tatu.

*

Alhamisi alasiri Isacko alikuja kwa chai. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye mkebe mdogo wa ugoro ambao haumtoki mkononi. Nilimwekea kikombe, nikakaa mahali ninapoweza kuona mikono yake.

"Abaayo Filsan," aliniambia, "Mungu amefungua mlango. Gunia la kwanza nilichota juu. La pili juu. Hii ya tatu nilichimba mpaka kiuno."

"Na dhahabu ikaja," nikasema.

"Ikaja."

"Yenyewe tu."

Bare alinitazama. Ugbad alikuwa anatambaa akielekea kwenye kiatu cha Isacko, nikamvuta kwa gauni.

Kisha wakaniambia walichokuja kuniambia. Jumatatu lori linarudi kaskazini. Bare aende nalo, akae kule miezi mitatu. Hiki chombo cha nyumbani ni cha kujaribia, kule inahitajika injini ya kuvuta maji kutoka kisimani. Binamu ya Isacko anayo injini, anaiuza. Na kitu pekee nyumbani kwetu kinachoweza kugeuka injini kabla ya Jumatatu ni bangili yangu.

Bangili hiyo ni mahari yangu. Dahab safi, nilivalishwa siku ya nikaha, na sheria ya dini yetu inasema ni yangu, si ya mume, si ya baba, si ya nyumba. Nimeiweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Niliacha shule darasa la saba. Sasa nimerudi madarasa ya jioni, mwaka huu nafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na mtoto wa miezi kumi. Nikipita, bangili hiyo ndiyo itakayonipeleka chuo cha ualimu. Bare anajua. Yeye ndiye aliyenisajili.

"Sikulazimishi," Bare alisema kwa Kisomali, akitazama chini. "Ni yako. Naomba tu."

"Kule wanatumia zebaki kukamata ile ndogo," Isacko akaongeza, kana kwamba ananisaidia kuamua.

"Zebaki haitaingia kwenye nyumba yenye mtoto."

"Hapana, hapana, sisi tunatumia zulia tu, ile iko ndani ya gata. Zulia ya Bare ni moto."

Wakaenda nyuma kuosha karai moja kabla ya mimi kutoka kwenda darasani. Nikasimama dirishani. Isacko aliingiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, akasema Bismillah, akausugua mchanga kati ya viganja. Halafu akafungua ule mkebe wake. Akagonga kifuniko kwa kidole mara mbili, tik tik, akiwa ameinama juu ya ndoo.

Moyo wangu ukaruka. Kwani nani hajasikia habari za watu wanaochanganya dhahabu kidogo kwenye mchanga wa bure ili mjinga anunue shamba? Gonga mkebe, tik tik, chembe zinaanguka, na Jumatatu bangili yangu inakuwa injini ya binamu.

"Chembe nne!" Bare alipiga kelele kule nyuma. "Nne na nusu!"

"Jana zilikuwa nane," nikasema dirishani.

"Mchanga haukuchanganyika sawa, mama Ugbad," Bare akajibu. "Kuna mahali nyingi, kuna mahali chache."

Jumatatu zilikuwa kumi na mbili, nilimuuliza akaniambia. Nikavaa viatu nikaenda.

*

Darasa letu linaanza saa kumi na moja, tunakaa wanawake tisa na mzee mmoja wa Kotile aliyeamua kwamba hatakufa bila cheti. Jioni ile mwalimu Hani alikuwa na mikebe miwili ya maharagwe. Mmoja aliuweka kwenye jua na akaumwagilia maji. Wa pili aliuweka kabatini bila maji. Ule wa kabatini haukuota.

"Kwa nini haukuota?" akauliza.

"Jua," tukasema wengine.

"Maji," wakasema wengine.

"Hamjui," akasema mwalimu Hani. "Hamna njia ya kujua. Nimebadilisha vitu viwili kwa pamoja. Ukitaka kujua ukweli, badilisha kitu kimoja, vingine viache kama vilivyo."

Yule mzee akasema hata wake wawili ukiwaoa siku moja hutajua ni nani anayekumalizia chumvi. Tukacheka. Mimi nilicheka, kisha nikaandika maneno yale ya mwalimu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, nikayachorea mstari.

*

Ijumaa mchana wanaume wote wako msikitini, na mtaa unakuwa wa wanawake na mbuzi. Nilimlaza Ugbad kwenye mkeka kivulini, nikamfunga mguu kwa leso kwenye nguzo asije akala mchanga wa mtu.

Mpango wangu ulikuwa huu. Chombo kile kile, maji yale yale, sabuni ile ile. Mchanga tu ndio nitakaobadilisha. Jirani yetu anajenga choo. Nje kwake kuna lundo la mchanga wa kujengea kutoka Mto Tana. Garissa nzima imejengwa kwa mchanga huo. Ungekuwa na dhahabu, choo cha stendi kingekuwa kinang'aa. Nikajaza karai, nikawasha pampu, nikamwaga kidogo kidogo kama ninavyomwona Bare akifanya. Dhahabu isipotokea, basi iko kwenye gunia la Isacko au kwenye mkebe wake, na nitamwambia hivyo usoni, kwa Kiswahili, aelewe vizuri.

Nilipomaliza nilitoa vidato na wavu, nikasuuza zulia kwenye beseni, nikachukua sumaku, nikatoa ule weusi, nikazungusha beseni taratibu.

Chembe tatu.

Nilikaa chini. Nikazihesabu tena, kana kwamba zingekuwa sifuri. Tatu, za manjano, kwenye mchanga wa choo cha jirani. Na Isacko alikuwa msikitini, mkebe wake wa ugoro mfukoni mwake.

Basi si yeye. Aliyebaki ni mmoja. Nani analala na chombo hiki hatua kumi kutoka kitandani mwake? Nani anakisafisha asubuhi, anakipanga, anakifunika kwa turubai kama mgonjwa? Nani alinyamaza kutoka Jumatatu hadi Jumatano?

Lakini Bare angeitoa wapi dhahabu ya kunyunyiza?

Wazo lilipokuja, miguu ilinipeleka ndani kabla sijalimaliza. Nikatoa ule mkebe wa maziwa ya unga. Bangili ilikuwemo. Niliipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikaigeuza. Kwenye ukingo wa ndani kulikuwa na mikwaruzo. Midogo, miwili miwili, kama kitu chenye makali kimepitishwa hapo. Kama tupa. Bare ana tupa saba za kila ukubwa.

Anaikwangua mahari yangu. Anainyunyiza kwenye mchanga ili aniombe niliyobakiwa nayo.

Sikulia. Niliivaa ile bangili, nikaisukuma mpaka juu ya kiwiko, nikaenda kupika wali.

*

Walirudi wote wawili kutoka msikitini, wananukia manukato, wanacheka. Nikawawekea sahani. Nikangoja wanawe mikono. Nikaweka kifuniko chenye zile chembe tatu katikati ya sahani, kama chumvi.

"Hii nimeosha mimi," nikasema. "Mchanga wa jirani. Wa kujengea choo."

Bare alitazama, akatabasamu. "Kumbe hata Tana ina..."

"Bare! Usinitanie." Nikavua bangili, nikaishika mbele ya macho yake. "Tazama huku ndani. Umetumia tupa ipi?"

Alichelewa kuelewa. Nilimwona anaelewa: kwanza nyusi, halafu mdomo, halafu damu yote ikamtoka usoni. Isacko alijifanya anatafuta mfupa kwenye wali.

"Mimi?" Bare alisema. "Nikwangue mahari yako?"

"Mbwa anajua kula, mwizi anajua kunyamaza. Ulinyamaza siku mbili."

"Nilinyamaza kwa sababu magunia mawili ya kwanza ulinicheka! Ulisema mume wangu anaosha vumbi. Nilitaka safari hii nije na kitu mkononi." Akaichukua bangili, akaigeuza kwenye mwanga, akaisogeza karibu na jicho kama anavyotazama mshono wa chuma. "Naa Filsan, tupa inaacha mistari inayolala pamoja. Haya ni mashimo. Mawili, nafasi, mawili. Nani alikuwa anampa mtoto bangili atafune alipokuwa anaota meno?"

Nilimtazama mtoto.

Ugbad alikuwa pajani kwangu. Bare alimsogezea ile bangili, naye akaipokea kama rafiki wa zamani, akaibandika kwenye meno yake mawili ya chini. Yalikaa pale pale.

"Subhanallah," nikasema. Ni mimi niliyekuwa nampa. Kwa ubaridi wake, ilikuwa inamtuliza. Masikio yalinichoma.

Hapo Isacko akasafisha koo. "Abaayo, na mimi niseme. Mimi sikulala vizuri wiki hii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu dhahabu ya laga nimeiona kwa macho. Imebingirika na maji miaka elfu. Inakuja imelala, duara, imechoka. Hii," akagusa kifuniko kwa ukucha, "ina ncha. Nyingine imejikunja kama unywele. Hii imekatwa na mtu. Nikasema moyoni, huyu rafiki yangu anamdanganya mke wake, na gunia yangu ndiyo shahidi ya uongo. Lakini nilitaka sana babu awe mkweli, nikaendelea."

"Ulinishuku mimi?" Bare akasema.

"Wewe. Wewe ulimshuku nani?"

Bare akatazama mkeka. "Wewe. Kidogo tu. Jumanne."

"Na mimi nilikushuku wewe, Isacko," nikasema, "halafu yeye. Nilikuona ukigonga mkebe juu ya ndoo."

Isacko akautoa ule mkebe, akaufungua, akanipa. "Nusa."

Nilinusa. Nilipiga chafya tano mfululizo, na Ugbad akapiga makofi. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo tulicheka wote watatu, lakini hatukucheka sana, kwa sababu zile chembe zilikuwa bado pale juu ya sahani na hakuna aliyejua zimetoka wapi.

"Tunabadilisha kitu kimoja kimoja," nikasema. "Inukeni."

*

Tuliosha gata mpaka bati likalia. Tukabadilisha maji ya pipa. Hakuna aliyeingiza mkono bila wengine wawili kuuona. Hata Ugbad nilimkagua kucha. Halafu nikamwambia Bare aniambie, pole pole, ni kipi kilichobadilika kati ya gunia la pili na la tatu.

"Mchanga," akasema. "Isacko alichimba chini zaidi."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine." Kisha akajikuna shingo. "Na zulia. Lile gunia nililotandika mwanzo lilikuwa linaachia. Nikaweka zulia. Lina manyoya, linashika."

Vitu viwili kwa pamoja. Nikamwona mwalimu Hani na mikebe yake.

"Toa zulia. Rudisha gunia lako la kwanza. Pitisha mchanga wa Isacko, wa tatu, karai nzima."

Tulipitisha karai tatu. Pampu ililia, maji yakazunguka, jua likatuchoma utosi. Bare alizungusha beseni hadi mwisho, hadi kwenye ule mchanga mweusi, hadi sumaku ikamaliza ule mweusi. Halafu akaliinamisha beseni kwa Isacko aone mwenyewe.

Plastiki tupu.

Isacko alitazama muda mrefu. Nilikuwa nimeshinda na wala sikuona raha. Yule mtu alichimba mpaka kiuno, peke yake, kwenye laga kavu, kwa neno la babu yake.

"Basi," akasema. "Babu alikuwa mtu wa hadithi."

Nikalichukua zulia. Lilikuwa jekundu zamani, sasa rangi ya chai, lina maua yaliyofifia pembeni. Nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji safi na sabuni, hakuna mchanga, hakuna kitu. Nikalifikicha kwa nguvu kama ninavyofikicha nepi, nikaligeuza, nikafikicha mgongo wake. Nikalitoa. Tukangoja maji yatulie.

Chini, ndani ya ndoo, nyota. Zaidi ya kumi na mbili. Sikuzihesabu.

"Umelitoa wapi?" nikauliza, ingawa nilianza kujua.

"Kwa shangazi, Edo Shamso. Lilikuwa limekunjwa chini ya kitanda tangu mumewe, Adeer Jama, afariki. Alinikatia nusu."

"Adeer Jama alikuwa anafanya kazi gani?"

"Vitambaa," Bare akajibu haraka, kama mtoto anayejibu jina la shule yake. "Alikuwa anauza vitambaa."

"Vitambaa ya dhahabu?" akauliza Isacko.

*

Edo Shamso, shangazi yake Bare, anakaa mitaa miwili kutoka kwetu, nyumba yenye geti la bluu ambalo Bare mwenyewe alilichomelea. Ni mjane asiyependa kuhurumiwa. Tulimkuta anapepeta mchele, akatupigia kelele kwamba tumekuja wengi na chai ni kidogo, akaweka chai nyingi.

Bare alishindwa kuanza. Nikamwekea Edo chupa ndogo ya dawa ya kikohozi ya Ugbad kwenye kiganja. Ndani yake tulikuwa tumekusanya kila chembe ya wiki ile, pamoja na zile za ndoo. Zilikaa chini kwa maji, mstari mwembamba wa manjano.

"Edo, hii ni yako. Imetoka kwenye zulia lako."

Aliinua chupa kwenye mwanga. Aliitikisa. Nilidhani atashangaa. Hakushangaa. Alikaa kwenye kitanda polepole, kama mtu anayempisha mwingine akae kwanza.

"Edo," Bare akasema, "Adeer Jama aliuza vitambaa?"

"Nani alikuambia?"

"Baba."

"Baba yako." Alicheka bila furaha. "Jama hakujua kupima hata mita moja ya kitambaa. Jama alikuwa sonara. Mkono wake ulikuwa unajulikana mpaka Hagadera. Lakini sisi ni watu wa ngamia, si ndiyo? Sisi dhahabu tunaivaa, ila aliyeipiga hatutaki kula naye sahani moja. Ndugu zangu walipoona nimekataa wachumba wanne, wakakubali anioe. Kwa sharti. Isisemwe. Afanyie kazi ndani, nje aitwe muuza vitambaa. Nyinyi watoto mkafunzwa hivyo hivyo."

Bare alikuwa anatazama ile mikono yake yenye makovu ya moto. Mtu wa ngamia, fundi wa kuchomelea.

"Miaka kumi na tisa alikaa kwenye hilo zulia, pale dirishani, tupa mkononi," Edo akaendelea. "Kila alasiri anakung'uta kanzu yake hapo hapo. 'Shamso, usifagie kwa hasira,' ananiambia. Nilidhani ananitania, kwa sababu nilikuwa nafagia kwa hasira kweli." Akaiweka chupa kifuani. "Kumbe alikuwa hapa."

Isacko alishuka kwenye kiti chake akakaa chini, sijui kwa nini, labda kwa heshima.

Mimi, kwa vile ni mtu wa kutumaini hata pasipotakiwa, nikavua bangili yangu. "Edo, hii je? Labda yeye ndiye aliyeitengeneza?"

Aliiweka karibu na jicho sekunde moja. "Hii? Hii ya Dubai. Hii imetoka kwenye mashine." Akanirudishia. "Jama angeona aibu. Lakini ni nzito. Usimpe mtu."

"Simpi," nikasema. Nilimtazama Bare nilipokuwa nasema, na yeye akatikisa kichwa, ndiyo, haraka, akiwa na macho mekundu. Nikaivaa.

Nikamgeukia Isacko. Nilimwomba radhi mbele ya Edo, kwa jina lake na jina la baba yake, kama inavyotakiwa. Akasema nisijali, mkewe humshuku zaidi na hana hata ushahidi wa mkebe.

Edo alikuwa ameinama, anavuta kitu chini ya kitanda. Ilikuwa nusu ya pili ya zulia, nusu ya dirishani.

"Hicho chombo chako kinakamata hata ndogo kabisa?" alimuuliza Bare.

"Kinakamata, Edo. Hilo ndilo peke yake lililokuwa kweli."

"Basi kesho kilete hapa."

"Nitakiweka nyuma, kwenye kivuli."

"Mbele," akasema Edo Shamso. "Getini."

Bare akatazama mlangoni. "Edo, watu watauliza."

"Ndiyo maana nakuambia getini."

*

Jumamosi asubuhi tuliisimamisha ile gata mbele ya geti la bluu. Isacko alisaidia kubeba pipa. Lori lake lingeondoka Jumatatu na mbuzi, bila injini, na mimi nilikuwa nimeshamfungia nyirinyiri, nyama kavu ya njiani. Bare aliunganisha pampu mara tatu ingawa mara ya kwanza ilikuwa sawa. Nilijua anachoogopa. Mtaa ule wote ni wa ukoo wake.

Hawakuchelewa. Mwanamke mmoja mwenye kikapu alisimama, akatazama maji, akatazama zulia, akamtazama Bare.

"Waryaa Bare, mnafanya nini na gata barabarani?"

Nilimwona Bare akitafuta neno. Lile la vitambaa lilikuwa karibu, lilikuwa kwenye ulimi wake tangu utoto. Edo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, Ugbad mapajani, hakumsaidia.

"Tunaosha zulia la Adeer Jama," Bare akasema. Akainua kichwa. "Alikuwa sonara."

Yule mwanamke alimgeukia Edo. Edo alimtazama tu, mkono umetulia kwenye kichwa cha mtoto. Kikapu kikahama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Nilijua," mwanamke akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Pete ya mama yangu alipunguza yeye. Tulikuwa tunapitia mlango wa nyuma."

Akaweka kikapu chini, akasogea kuona. Bare akawasha pampu. Nikapandisha bangili juu ya kiwiko isilowe, nikachukua kile kimpira cha mafua, nikainama pembeni mwa beseni, tayari.